Fundi wa Kompyuta Anajibu: Nikibonyeza Z Inatoka Y

SWALI: Kaka fundi, asalaam aleikum. Nina stationari hapa Makorora, Tanga. Nimenunua desktopu ya mtumba iliyotoka Ujerumani, ina Windows 7 ya Kiingereza, mashine nzuri tu na spidi inayo. Shida ni kuandika. Mimi nimesomea uhazili Tabora nachapa bila kuangalia vitufe, sasa nikiandika "yeye" inatoka "zeze", "mzazi" inakuwa "myayi". Alama ya @ ndo usiseme, Shift na 2 inatoa alama ya kunukuu, na wateja wangu wengi ni vijana wanaoomba ajira mtandaoni, bila imeili hakuna kazi. Halafu hesabu za kikoba chetu, nikiandika 45,000 kwenye Excel inabaki 45. Fundi mmoja kasema keibodi imekufa ninunue nyingine, wa pili kasema nipige windows upya. Nishauri kaka. – Mama Stationari, Makorora

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Kwanza hela yako iache mfukoni, keibodi usinunue na windows usipige. Keibodi yako nzima na Windows yako nzima, kilichobaki ni setingi za Kijerumani tu, na hizo unazitoa mwenyewe hapo hapo dukani kati ya mteja na mteja.

Elewa kitu kimoja, maana hapa ndo watu wanaliwa hela kila siku. Keibodi haitumi herufi kwenye kompyuta, inatuma namba ya kitufe, yaani "kimebonyezwa cha sita safu ya juu", basi. Anayeamua kitufe hicho ni Y au Z ni Windows, kwa kuangalia aliambiwa keibodi ni ya nchi gani. Wajerumani Z wameiweka juu katikati na Y wameishusha chini kushoto, @ wameipandisha kwenye Q, inatoka ukishika AltGr (ile Alt ya kulia) ukabonyeza Q. Kwa hiyo hata ungenunua keibodi mpya ukaichomeka, "yeye" ingeendelea kutoka "zeze". Leo kama una mteja amesimama tumia hiyo AltGr na Q umalize imeili yake, halafu tukae turekebishe.

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, kitatokea kidirisha kidogo, andika intl.cpl halafu Enter. Nakupa njia hii kwa sababu haina Y wala Z ndani yake na inafanya kazi hata Windows ingekuwa ya Kijerumani kabisa, na hata kwenye XP. Kwenye Windows 7 utaona vichupo vinne juu. Nenda cha tatu, "Keyboards and Languages", bonyeza "Change keyboards", kisha "Add", tafuta Kiingereza cha Marekani, fungua kialama cha kujumlisha mpaka uone keibodi zake, weka tiki kwenye "US". Usiweke ile iliyoandikwa "United States-International", sababu yake ipo kwenye swali la pili hapo chini. Ukirudi, pale juu chagua hiyo US iwe ndiyo ya kuanzia, halafu ndipo uondoe ya Kijerumani kwa "Remove". Usiiache ikae pembeni ukidhani haina madhara, maana Alt ya kushoto na Shift zikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya Windows inahama keibodi kimya kimya, na kwenye duka ambalo kila mtu anagusa mashine hilo litatokea tu. Ukiona kando ya saa pameandikwa DE badala ya EN ujue imehama.

Kama ulizoea keibodi ambayo @ iko karibu na Enter, hiyo ni ya Uingereza, chagua "United Kingdom" badala ya US. Ukitaka kuhakikisha, rudi kwenye kile kidirisha, andika osk, itatokea keibodi kwenye skrini ikionyesha Windows inavyoamini vitufe vimepangwa. Mimi naipenda sana hii kuliko kubahatisha.

Wewe huangalii vitufe kwa hiyo maandishi ya juu yake hayakusumbui, ila kama una kijana anakusaidia bandika stika kwenye Z, Y na 2. Keibodi ya desktopu unaweza hata kuvichomoa Z na Y ukavibadilishana, vitakaa ingawa urefu hautalingana sana. Kwenye laptopu usijaribu, vile vibawaba vya plastiki chini ya kitufe vinavunjika na spea yake kuipata ni kazi.

Sasa paswedi, na hapa dada soma taratibu. Ukishabadilisha keibodi, skrini ya kuingilia inaweza ikabaki na Kijerumani chake. Kama paswedi yako ina y, z au alama yoyote utaandika sahihi na itakataa, utalia umesahau, na hapo ndo fundi anakuja kufomati na kazi za wateja zinapotea. Kwa hiyo kabla hujazima mashine nenda kichupo cha nne, "Administrative", bonyeza "Copy settings", weka tiki zote mbili za chini, ile ya skrini ya kuingilia na ile ya watumiaji wapya. Na paswedi yenyewe: wewe uliiandika kwa vidole vya Kiingereza kwenye mashine ya Kijerumani, kwa hiyo kilichohifadhiwa huenda siyo unachodhani. Ibadilishe iwe ya herufi za kawaida na namba bila y wala z, uanze setingi, ukimaliza weka unayoitaka. Ikitokea umefungiwa nje, angalia kona ya juu kushoto ya skrini ya kuingilia, kuna kialama cha lugha, kibonyeze uchague.

Hesabu za kikoba ni setingi nyingine kabisa, watu wengi wanarekebisha keibodi wanaacha hii. Ujerumani alama ya mkato ndiyo inayotenganisha desimali, na nukta ndiyo ya maelfu, yaani kinyume na sisi. Ukiandika 45,000 Excel inasoma arobaini na tano nukta sifuri. Ukiandika 12,500 inasoma kumi na mbili na nusu. Mbaya zaidi, ukimwandikia mama wa samaki pale Deep Sea kilo 2.5 inageuka kuwa tarehe 2 Mei, kwa sababu nukta Wajerumani wanaitumia kwenye tarehe. Funga Excel, rudi intl.cpl, kichupo cha kwanza "Formats", chagua Kiingereza cha Uingereza, hapo tarehe inaanza na siku kama tunavyoandika sisi na maelfu yanakuwa na mkato. Ukichagua cha Marekani mwezi utatangulia, na 3/4 ya rejesho la mwanakikoba itasomwa 4 Machi badala ya 3 Aprili, huo ni ugomvi. Kiswahili kwenye Windows 7 kipo ila ni cha Kenya na sarafu yake ya Kenya. Ukishachagua bonyeza "Additional settings", nenda sehemu ya sarafu, futa alama ya pauni uandike TSh. Kichupo cha pili weka Tanzania.

Lakini nakuomba sana: zile namba ulizoandika mwanzo hazitajirekebisha. Iliyoingia 12,5 itabaki 12.5, na iliyogeuka tarehe itabaki tarehe. Chukua daftari la kikoba upitie mstari kwa mstari kabla hujamsomea mtu salio lake, hela za watu hizo.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu Muheza, natunga mitihani kwa kompyuta ya shule. Kila nikiandika ng'ombe inatoka "ngómbe", na ng'ara inakuwa "ngára". Wanafunzi wanacheka. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu shikamoo. Kompyuta yenu imewekewa ile keibodi ya US-International niliyomkataza dada hapo juu. Imetengenezwa kwa ajili ya lugha zenye vialama juu ya irabu, kwa hiyo ukibonyeza kibainishi inasubiri kwanza, ikiona irabu inakuja inakipandisha juu yake. Kiswahili chetu hakihitaji kialama chochote, kinahitaji hicho kibainishi cha ng' tu, na hicho hicho ndo wanakiharibu. Dawa ni kuongeza "US" ya kawaida na kuondoa hiyo ya International, hatua ni zile zile. Kama kompyuta ya shule hairuhusu kubadilisha, bonyeza kibainishi, gonga kitufe cha nafasi mara moja, halafu endelea na o, itatoka ng'ombe safi. Kwa mtihani ulioshachapwa tumia ile ya kutafuta na kubadilisha, "ngó" iwe "ng'o", dakika moja.

SWALI: Laptopu yangu ya zamani nikiandika "muhimu" inatoka "04h504". Virusi? – Kijana wa Pangani

JIBU: Hapana mdogo wangu, Num Lock imewaka. Laptopu ndogo zinaficha namba ndani ya herufi za kulia, M ni 0, U ni 4, I ni 5. Shika Fn ubonyeze kitufe chenye NumLk, imekwisha.

SWALI: Kompyuta yangu kila ikizimwa umeme inarudi mwaka 2009, nikirekebisha saa inakaa siku hiyo tu. Na kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka zinasema siyo salama. – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Betri ndogo ya kwenye bodi imeisha, ile ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3, maduka ya saa wanayo. Chomoa umeme kabisa, fungua ubavu, bonyeza kishikizo itaruka, weka mpya upande wa maandishi juu. Kurasa zinakataa kwa sababu kila moja ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inayoamini tuko 2009 inaona cheti bado hakijaanza. Ukimaliza andika timedate.cpl pale kwenye kidirisha cha Windows na R uangalie na ukanda wa saa, chagua UTC+03:00 Nairobi, ndiyo yetu. Kama mashine yako nayo ni mtumba wa Ujerumani, ukiuacha ukanda wa Berlin ukarekebisha saa kwa mkono tu, saa itaruka yenyewe mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, maana Ulaya wanasogeza saa na sisi hatusogezi.