Mwanamke anaewinda anaitwaje?

Wiki hii watu kadhaa wameniuliza juu ya neno hilohilo moja, basi nawajibu humuhumu.

Mwanamke anaewinda anaitwaje kwa Kiswahili? Mie nimeandika "mwindajike". (Mwanafunzi, Wete)

Mwindaji, mwanangu, basi. Kuwinda unakitia m- mbele na -ji nyuma unampata mwenye kufanya ile kazi, kama msomaji na mchezaji, na Kiswahili hakikuulizi kavaa kanzu au buibui. Msasi nae yumo, ingawa huku ukisema wasasi watu wanawaona wale wanaume na mbwa wao wanaokwenda kusaka nguruwe. Ukitaka kubainisha sema mwindaji wa kike, ila hiyo "mwindajike" tafadhali usiingie nayo kwenye mtihani.

Mbona Waingereza wana huntress?

Mana wao wanatia mkia. Ule -ess ulitoka kwa Wagiriki ukapita Kilatini na Kifaransa ndo ukafika kwao. Kiarabu hivohivo, alopita chuoni anajua, sayyad ukimtia taa marbuta, ile herufi ya kike ya mwishoni, anakuwa sayyada, na neno hilohilo kwao ni mwindaji na ni mvuvi pia. Sie tumechukua majina tu, Said na Saida, Rashid na Rashida, lakini mwalimu ni mwalimu awe bwana awe bibi.

Kwani wapo kweli au hadithi?

Wapo. Kule Peru, pahala paitwapo Wilamaya Patjxa, lilifukuliwa kaburi la miaka kama 9,000, maiti kazikwa na ncha zake za mawe za kuwindia, na 2020 wataalamu wakatangaza kuwa ni msichana, wamemjua kwa meno. Na Waagta wa Ufilipino, wanawake wao wamejulikana kwa kuwinda nguruwe kwa kutumia mbwa wao.

Mama yangu anachokoa pweza Kisiwa Panza. Nae mwindaji?

Swali hili nimelipenda! Mie nasema ndio. Anangoja bamvua, maji yakipwa anatembea juu ya mwamba anatazama matundu, akiona magamba ya kaa yametupwa mlangoni anajua mwenyewe yumo ndani, anamchokoa mpaka atoke, sasa kama huko siko kuwinda ni nini? Na mvuvi nae ni neno lisilo kike wala kiume, lakini hebu wasikilize watu, baba akitoka na ngalawa "kaenda kuvua", mama akirudi na pweza watatu "alikwenda pwani", utasema alikwenda kupunga upepo.