Maswali ya Jikoni: Mlo wa Krismasi wa Kiingereza kwa Oveni Moja

Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Uingereza, ambao wanajiandaa kupika nyumbani mlo wa mchana wa tarehe 25 Desemba kama unavyopikwa huko: bata mzinga wa kuoka, viazi vya kuoka, mboga, mchuzi wa kumwagia juu ya nyama, na pudini.

Bi Mhariri, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Leeds na mume wangu ambaye ni Mwingereza. Miaka yote tumekula Krismasi kwa mama mkwe, lakini mwaka huu magoti yanamsumbua na ameniomba nipike mimi, kwangu, kwa watu tisa. Kupika si kazi inayonitisha, kwa maana pilau la watu wengi nimelipika mara kwa mara bila wasiwasi. Kinachonishinda ni kwamba hapa vitu ni vingi, karibu kila kimoja kinataka kuokwa, na oveni ni moja tu. Mama mkwe mwenyewe huamka alfajiri, na chakula kinapofika mezani huwa amechoka hata hawezi kula. Nifanyeje ili na mimi yasinikute hayo?
Mkwe wa Leeds

Marahaba, mwanangu. Umekwishalitaja tatizo lenyewe, nalo ni la saa na nafasi, wala si la ufundi. Pilau hukamilika ndani ya sufuria moja na linaweza kukungoja chini ya mfuniko, ilhali mlo huu una vyakula saba au vinane ambavyo havina budi kufika mezani kwa wakati mmoja vikiwa vya moto. Anayejaribu kuvifanya vyote asubuhi ya siku yenyewe atachoka hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo amua kwanza saa ya kula, kisha uhesabu kurudi nyuma. Muulize mama mkwe wako familia yao imezoea kula kabla ya hotuba ya Mfalme, ambayo hutangazwa saa tisa alasiri, au baada yake, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kiingereza saa hiyo ndiyo inayoigawa siku. Mimi nitachukua mfano wa saa nane mchana.

Kwa watu tisa, bata mzinga wa kilo 5 anatosha na atabaki. Kanuni inayotumiwa sana nchini humo kwa ndege aliyezidi kilo 4 ni dakika 20 kwa kila kilo, halafu dakika 90 za nyongeza, katika nyuzi 190 za Selsiasi, au 180 ikiwa oveni yako ina feni. Wako atahitaji basi saa tatu na dakika kumi. Sasa sikiliza jambo ambalo wapishi wengi wa mara ya kwanza hawaambiwi: nyama hiyo haipaswi kukatwa mara tu inapotoka kwenye oveni. Iache ipumzike kwa muda wa saa nzima, ikiwa imefunikwa kwa foili bila kubanwa. Ndege mkubwa kiasi hicho hapoi upesi, na maji ya nyama hutulia ndani yake badala ya kumwagika kwenye ubao wa kukatia. Saa hiyo ya mapumziko ndiyo inayokupa oveni tupu kwa ajili ya viazi na mboga. Ukiielewa saa hiyo, nusu ya wasiwasi wako imekwisha.

Tukihesabu hivyo, bata mzinga anaingia saa nne kasoro dakika kumi asubuhi na kutoka saa saba mchana. Mpake siagi, mfunike kwa foili, kisha iondoe foili zikiwa zimebaki dakika kama arobaini ili ngozi ipate rangi. Kabla ya hapo, tia mkono ndani ya tumbo lake, kwa maana mara nyingi utakuta humo kifuko chenye shingo, firigisi na ini, na kifuko hicho kisiachwe kikaokwa. Nakusihi pia ununue kipimajoto cha nyama. Kichomeke mahali penye mnofu mzito zaidi, kati ya paja na kifua, bila kugusa mfupa. Nyama ikikaa katika nyuzi 70 kwa dakika mbili, au ikifika 75, imeiva. Kuitazama rangi ya maji ya nyama pekee kunaweza kukudanganya, na hofu ya nyama mbichi ndiyo inayowafanya watu wengi waiache motoni hadi ikauke.

Viazi nitavizungumzia kwa urefu, kwa sababu wageni wako Waingereza watamsamehe bata mzinga aliyekauka kidogo, lakini viazi laini visivyo na ukoko watavikumbuka. Chagua aina yenye unga mwingi, kama Maris Piper au King Edward, karibu kilo mbili na nusu kwa watu tisa. Vimenye, uvikate vipande vikubwa, uvichemshe katika maji ya chumvi kwa dakika nane hadi kumi mpaka kingo zianze kulegea, kisha uyamwage maji, uviache vikauke kwa mvuke wake, na uitikise sufuria ili kingo zivurugike. Sehemu hizo zilizovurugika ndizo zitakazogeuka kuwa ukoko. Kazi hii yote unaweza kuifanya jioni ya tarehe 24 na kuvilaza viazi kwenye friji. Siku ya pili, bata mzinga akishatoka, pandisha joto hadi nyuzi 220, au 200 kwa oveni ya feni, na upashe mafuta ndani ya trei kwa dakika kumi mpaka yawe ya moto sana. Waingereza wengi hutumia mafuta ya bata bukini, lakini mafuta ya alizeti yanafaa vizuri. Tia viazi kwa uangalifu, uvigeuze ili vipate mafuta pande zote, uvipange bila kusongamana, na uviache kwa dakika hamsini huku ukivigeuza mara moja au mbili. Vikisongamana vitachemka kwa mvuke badala ya kuokeka.

Karoti, na ile mizizi myeupe inayofanana na karoti iitwayo parsnip, huingia kwenye trei ya pili dakika kumi na tano baada ya viazi. Kabichi zile ndogondogo za Brussels zichemshe juu ya jiko dakika za mwisho, kwa dakika tano tu. Zikizidi hapo hutoa harufu nzito, na harufu hiyo ndiyo iliyowafanya watoto wengi wa Kiingereza wazichukie.

Mchuzi usiuache hadi siku yenyewe. Tarehe 24 chemsha ile shingo na firigisi, pamoja na mabawa machache ya kuku, kitunguu na karoti, kwa moto mdogo kwa saa moja na nusu, uchuje, na uweke supu hiyo kwenye friji. Siku ya mlo, punguza mafuta yaliyobaki kwenye trei ya bata mzinga, nyunyiza vijiko viwili vya unga wa ngano, ukoroge juu ya moto huku ukikwangua vilivyoganda chini, kisha umimine supu yako kidogo kidogo. Dakika kumi na tano zinatosha. Sosi ya kranberi inaweza kupikwa siku kadhaa kabla. Sosi ya mkate nayo hupikwa jana yake kwa maziwa yaliyotiwa kitunguu kilichochomekwa karafuu. Nakushauri uipike hiyo, hata kama si kila nyumba inayoipenda siku hizi, kwa sababu karafuu mtu wa kwetu anaijua, na mama mkwe wako atafurahi kuona umeiheshimu mezani.

Mambo mawili ya mwisho. Ukinunua bata mzinga aliyegandishwa, mhamishie kwenye friji asubuhi na mapema ya tarehe 22, kwa kuwa anahitaji saa kumi hadi kumi na mbili kwa kila kilo ili ayeyuke. Na usitegemee kukimbilia dukani asubuhi ya Krismasi: tangu sheria ya mwaka 2004, maduka makubwa ya England na Wales hayaruhusiwi kuwauzia wateja tarehe 25 Desemba. Chumvi, foili na unga viwepo nyumbani mapema. Mume wako na amenye viazi, na mama mkwe apewe kiti karibu na meza ya jikoni pamoja na kazi ya kuketi, kama vile kuzisafisha zile kabichi, maana naamini hatapenda kukaa sebuleni peke yake wakati wewe unapika mlo alioupika miaka yote.

Bi Mhariri, sisi watu wa Mombasa tumelelewa kuosha kuku kwa ndimu na maji mengi kabla ya kumpika. Hapa Birmingham rafiki zangu wananiambia nisimwoshe bata mzinga hata kidogo. Nafsi yangu inakataa. Nani ana haki?
Mama wa Watatu, Birmingham

Dada yangu, desturi yetu ina sababu yake: kuku aliyechinjwa uani hutoka na damu, manyoya na vumbi, na hapana budi asafishwe. Ndege wa duka la Uingereza, hata hivyo, amekwisha kusafishwa. Kilichobaki juu yake ni vijidudu ambavyo jicho halivioni, hasa aina iitwayo Kampailobakta, na maji ya bomba hayaviui bali huvirusha hadi kwenye sinki, vyombo na mboga zilizo karibu. Ndiyo maana idara ya serikali inayosimamia usalama wa chakula nchini humo inashauri kuku na bata mzinga wasioshwe. Kinachoviua ni moto.

Ndimu yako, lakini, usiiache. Mlaze ndege kwenye trei yake mbali na bomba, umkaushe kwa karatasi ya jikoni na uitupe mara moja, kisha umpake chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, na umrudishe kwenye friji bila kufunikwa usiku kucha, kwenye rafu ya chini kabisa ili asidondoshee vyakula vingine. Asubuhi tia nusu za ndimu na kitunguu ndani ya tumbo lake. Chumvi itakuwa imeingia kwenye mnofu, na ngozi iliyokauka usiku itaokeka vizuri zaidi. Osha mikono kwa sabuni kila unapomaliza kumgusa.

Jirani yetu hapa Leicester, Mwislamu kutoka Pemba, atakula nasi na watoto wake. Nitamnunua bata mzinga halali. Kuna jambo jingine la kuangalia?
Msomaji, Leicester

Yapo, tena yamejificha. Mchinjaji wa halali mwagizie mapema, kwa maana mwezi wa Desemba huelemewa na oda. Vile visoseji vilivyoviringishwa bekoni, ambavyo Waingereza huviona kuwa sehemu ya sikukuu, ni vya nguruwe. Viandae kwa soseji za ng'ombe na vipande vyembamba vya bata mzinga vya halali, na ninakushauri uviandae hivyo kwa meza nzima badala ya kuwa na trei mbili. Usimtandike ndege bekoni kifuani, kwa kuwa mafuta yake yataingia kwenye mchuzi na viazi. Mchanganyiko wa kujazia ndege unaouzwa dukani mara nyingi una nyama ya nguruwe, kwa hiyo tengeneza wako kwa chembechembe za mkate, kitunguu na majani ya seji, na uuoke kwenye trei yake pembeni, jambo ambalo pia husaidia ndege kuiva sawasawa. Soma na karatasi ya pudini, kwani nyingi hutiwa brandi au bia, na nyingine zina mafuta ya mnyama. Pudini ya nyumbani yenye zabibu kavu zilizolowekwa katika chai na maji ya machungwa ni tamu kweli. Kwa kuwa haina kileo haikai muda mrefu, ipike siku chache tu kabla.

Mweleze jirani yako mapema yote uliyoyafanya. Mgeni anayejua hali ya chakula hula kwa raha, na hutamlazimisha kuuliza mbele ya watu.

Sisi ni wawili tu. Ni lazima tuoke bata mzinga?
Wanandoa wapya, Bristol

Hapana. Bata mzinga aliingia England kutoka Amerika katika karne ya 16, na kwa muda mrefu baada ya hapo nyumba nyingi ziliendelea kula bata bukini au nyama ya ng'ombe siku ya Krismasi. Kuku mnene wa kilo 2 anawatosha: dakika 45 kwa kila kilo na dakika 20 za nyongeza, katika nyuzi 190, kisha apumzike dakika ishirini. Viazi na mchuzi ni kama nilivyoeleza hapo juu, kwa kipimo kidogo.

Nyama inayobaki nifanyie nini? Mwaka jana tuliila sandwichi mpaka ikatukinai.
Kijana wa Luton

Mwanangu, ing'oe nyama kwenye mifupa siku hiyohiyo, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu ilipotoka motoni, na uile ndani ya siku mbili, inayozidi igandishe. Mifupa ichemshe upate supu, na tarehe 26 upike pilau kwa supu hiyo. Kaanga vitunguu hadi viwe na rangi ya kahawia, tia kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki na pilipili manga, halafu supu na mchele. Nyama usiitie mwanzoni, kwa sababu imekwisha kuiva na itakuwa nyuzinyuzi. Ipange juu ya wali maji yanapokaribia kukauka, funika, na uiache kwa moto mdogo mpaka nayo iwe ya moto kabisa hadi ndani. Nyama iliyopashwa hivyo isipashwe tena mara ya pili, basi pika kiasi mtakachomaliza.