Skripti yangu haifunguki kwa mweka hazina

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika skripti ya Python ya kutunza michango ya kikundi chetu. Kompyuta ya mweka hazina haina Python, kwa hiyo nilitumia PyInstaller kuigeuza programu kamili. Kwake inafunguka na kujifunga papo hapo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Tatizo hili liliwahi kuninyima usingizi siku mbili, nikihangaikia ikoni moja tu niliyoisahau. Itengeneze upya bila --windowed (chaguo linaloficha dirisha la maandishi), kisha iendeshe kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Hapo kosa utalisoma mwenyewe. Mara nyingi ni faili iliyokosekana. PyInstaller hufungasha Python pamoja na maktaba ulizoziita kwa import, ila picha na majedwali haiyabebi mpaka uyataje kwa --add-data. Ndani ya skripti, yatafute kwa kuanzia __file__, yaani mahali skripti yenyewe ilipo.

Lakini daftari la michango, tafadhali, usilifungashe humo! Ukitumia --onefile (chaguo la kufungasha kila kitu katika faili moja), programu hujifungua kwenye folda ya muda kila inapoanza, na folda hiyo hufutwa ukifunga programu. Mweka hazina ataandika jioni nzima, kesho asikute kitu. Lihifadhi kwenye folda yake binafsi, inayopatikana kwa Path.home().

Tena, kama yeye anatumia Windows, itengenezee kwenye Windows. Ukiwa kwenye Linux utapata ya Linux tu. Fanya kazi ndani ya venv mpya, yaani mazingira ya Python yaliyojitenga, yenye maktaba unazozihitaji peke yake, programu isinenepe bure. Matokeo yako kwenye folda ya dist.