Kibali cha kushuti si kibali cha kurusha

Juzi saa tisa usiku dogo mmoja niliyemfundisha kushika gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera, kanitumia picha kutoka uwanja wa ndege, Dar. Begi liko wazi, droni imelazwa katikati ya soksi. "Kaka, naunganisha hadi Casablanca. Wakiniuliza niseme ni toi ya mtoto?" Nilicheka peke yangu kitandani, kisha hasira zikanipanda. Uongo wa aina hiyo niliwahi kuutunga mimi, kwenye uwanja huohuo anaoenda kutua yeye.

1. Vibali ni vinne. Viza inakuingiza wewe. Kibali cha filamu kinairuhusu kamera ifanye kazi. Mamlaka ya anga inaruhusu kitu kiruke. Forodha inaruhusu vifaa viingie na vitoke bila ushuru. Nyumbani mnalijua hili: Bodi ya Filamu mlango wake, TCAA, mamlaka yetu ya anga, mlango wake, na ukienda Serengeti TANAPA wanakusubiri na ankara yao. Sijui kwa nini mkivuka mpaka mnadhani wenzetu wana dirisha moja.

2. Morocco. Tangu 2015 huingizi droni pale bila idhini iliyotoka mapema. Mimi nilikuwa na mteja aliyetaka milima ya Atlas kutoka juu. Fiksa wetu, mwenyeji wa kule wa kutushughulikia vibali, mzee mtaratibu, alishatupatia kibali cha filamu, na kwenye barua pepe yake ya mwisho aliuliza swali moja: mnakuja na droni? Sikumjibu. Rafiki yangu alikuwa ameingia nayo mwaka uliotangulia bila kuguswa, akaniambia, "Vua mapanga tu." Nikayavua yote manne, yale yanayozunguka kuirusha droni, nikayaviringisha kwenye kanga ya mama, droni yenyewe nikaificha ndani ya kiatu cha buti.

Pale mabegi yanapita kwenye mashine hata unapoingia. Afisa wa forodha akaikunjua kanga taratibu, kama anafungua zawadi, mapanga yakadondoka mezani moja moja. Akauliza ni nini. Nikasema ni feni. Feni ya nini? Ya kamera, ipoe. Naapa nilisema hivyo, mtu mzima mwenye watoto. Na kanga imetandazwa mbele yetu sote, maandishi juu: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Bahati yangu yule bwana hakujua Kiswahili.

Akaenda kwenye buti. Tangu hapo hakuniamini hata nilipotaja jina langu. Akaomba orodha ya vifaa, akakuta lenzi tatu hazimo, akazuia kila kitu. Kamera zililala forodhani siku mbili. Mteja alilipia hoteli na gari lililosimama, mimi niko juu ya paa la hoteli napiga machweo kwa simu ili nionekane nafanya kazi. Ningeitangaza droni, ningeandikiwa stakabadhi na kuichukua siku ya kuondoka. Hata hivyo ndivyo ilivyoishia, ile stakabadhi nililala nayo kama hati ya kiwanja. Uongo wangu ndio uliozuia kamera.

Mzee fiksa alikuja kututoa. Kibali kilikuwa na jina lake, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama kueleza habari za feni. Kwenye gari hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikujibu ile barua pepe. Mpaka leo sina jibu.

3. Kenya. Kwa kuwa hatuombi viza na lugha ni moja, tunadhani na sheria ni moja. Mgeni anaomba leseni ya filamu kupitia wakala wa huko aliyesajiliwa, na droni ni mambo ya KCAA, mamlaka yao ya anga, kabla hujafika mpakani. "Mambo vipi bosi" pale Namanga haijawahi kugongwa muhuri.

4. Betri za akiba unabeba mkononi, kamwe si tumboni mwa ndege: hadi Wh 100 (saa-wati) huna shida, kati ya 100 na 160 omba shirika la ndege, zaidi ya hapo iache nyumbani.

5. Ulaya. "Ni gramu 249 kaka, haidai kitu." Inadai. Ikishakuwa na kamera, mwendeshaji anasajiliwa, na mgeni anajisajili kwenye nchi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya atakayorusha. Usipite mita 120. Na Uingereza walishatoka kwenye Umoja, usiwapelekee namba ya Ujerumani.

6. Orodha ya vifaa: namba na thamani ya kila kimoja, nakala tano, igongwe muhuri ukitoka Dar. Ukisahau, siku ya kurudi utaulizwa kamera yako mwenyewe umeinunua wapi.

7. Marekani, mwanahabari haingii kazini kwa viza ya utalii, na droni ya kazi ya malipo inadai cheti cha rubani wa droni wanachokiita Part 107.

Yule dogo nilimwambia aniachie droni kwa jamaa wa teksi. Nikaifuata mwenyewe alfajiri, na kandambili. Jioni ujumbe ukaingia: "Kaka, wanapekua begi lote. Mapanga nimeyasahau mfuko wa pembeni. Niseme nini?"

Nikamwandikia: sema ni ya droni, na droni iko mezani kwangu. Nikaipiga picha pale mezani, nikamtumia awaonyeshe.