Jibu: Tukutane kila tarehe 15, au tufuate ratiba ya Pokémon GO, ule mchezo wa simu wa kutembea na kukamata viumbe?

Ndugu, achana na tarehe 15. Mwezi mmoja itaangukia Jumanne watu wako kazini, mwingine Ijumaa, na kundi litapungua taratibu. Fuateni Community Day yenyewe, yaani tukio la kila mwezi ambapo Pokémon fulani huonekana kwa wingi kwa saa chache. Ilianza Januari 2018 na huwa wikendi, ila haina wiki maalumu, kwa hiyo kumbusho la simu la kujirudia halitawasaidia. Msimu mpya wa mchezo huanza kila baada ya miezi mitatu, na tarehe za Community Day za msimu huo hutangazwa mapema. Zikitoka tu, ziandikeni zote na muzibandike juu kwenye kundi la WhatsApp.

Muda unafuata saa za mahali mlipo, hakuna kupiga hesabu za Marekani. Kwa kawaida ni saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Andikeni hivyo kwa maneno kamili, maana ukituma "8:00" peke yake kuna atakayefika asubuhi. Mwite kila mtu saa saba na nusu mchana, karibu na kivuli na mahali pa kuchaji. Saa tatu mfululizo skrini ikiwaka juani zinamaliza betri, na mwenye simu ya zamani hukata tamaa kwanza.

Kwa mikutano ya kila wiki kuna Raid Hour, saa moja ya kuungana kupigana na Pokémon wenye nguvu, Jumatano saa 12 jioni hadi saa 1 usiku. Hiyo haibadiliki sana, ila kwetu giza huingia katikati yake. Chagueni jimu (sehemu za kwenye ramani ya mchezo yanakofanyika mapambano hayo) zilizo karibu karibu, penye taa na watu, na wadogo wasirudi nyumbani peke yao. Hapo msilegeze hata kidogo.