Maswali Yenu: Moksa imeniunguza goti

SWALI: Goti huniuma wakati wa baridi. Nimeanza kulipasha kwa kijiti cha moksa cha Kichina, sasa limetoka lengelenge. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana. Kijiti hicho, kinachowashwa moto ili kipashe mwili joto, ni majani ya mmea uitwao Artemisia argyi, jamaa wa pakanga, yaliyokaushwa na kusagwa hadi yakawa kama pamba. Kisiguse ngozi: weka ncha inayofuka sentimita 2 hadi 3 juu yake kwa dakika 10 hadi 15, mpaka ngozi iwe nyekundu kidogo. Joto likichoma, inua kijiti papo hapo. Mara nyingi tatizo ni majivu. Yakirefuka hupunguza joto, mtu husogeza kijiti karibu, kisha yanadondoka yakiwa bado na moto. Yakung'ute kisahanini kila baada ya dakika chache.

Lengelenge usilitumbue, na usipashe hapo mpaka lipone. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asijaribu kabisa, hatasikia anapoungua. Fungua madirisha. Kuzima, chomeka kijiti kwenye mkebe wa mchanga, kwani moto hujificha ndani. Goti likivimba au kupata joto lenyewe, achana na moksa, umwone daktari.