Tabasamu la WeChat si la kuchekea

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama emoji zina maana moja kwa kila mtu. Mimi nasema hazina, na mashahidi wangu ni vijana wa Kichina. Naagiza mikoba Guangzhou na kuiuza Kariakoo, na maongezi yote na wauzaji wangu yanapita WeChat, programu iliyozinduliwa na Tencent mwaka 2011. Kule watu huchatia humo, hulipia humo, na mabosi hutoa amri humo humo.

Tuanze na kile kiuso cha njano kinachotabasamu, cha kwanza kabisa kwenye orodha ya WeChat. Kitazame vizuri: mdomo umefumbwa, macho yameangalia chini, bashasha hakuna. Mama wa Kichina wa miaka hamsini na kitu anakituma kwa moyo mweupe. Binti yake akikutumia hicho hicho, ujue umemuudhi, au anakuona huna akili. Mkono unaopunga nao una mambo yake, kwa vijana wengi ni kama kuambiwa "haya, tusijuane."

Wakitaka kucheka kweli wanaachana na viuso na kuchukua stika. Iliyotamba sana ni kichwa cha panda kilichobandikwa sura ya mtu, mara nyingi kicheko cha Choi Sung-kook, mwigizaji wa Korea Kusini. Juzi nilimwomba msichana wa dukani anipunguzie bei. Hakuandika neno. Akatuma panda amepiga magoti analia, nami nikamrushia paka aliyezimia, naye akaleta panda mwingine anapigwa kofi. Mwisho akashusha yuan 2 kwa kila mkoba. Kukataa kwa maneno kungetuaibisha wote wawili, ila panda akilia hakuna aliyevunjiwa heshima. Kurushiana stika hivi hadi mmoja aishiwe ni mchezo kabisa kwao.

Kuna pia kichwa cha mbwa, yule wa Kijapani mwenye jicho la pembeni. Kijana akishaandika kejeli kali anakibandika mwishoni ili asije akashambuliwa: natania, msinipige. Hapa kwetu wangekipenda sana kwenye magrupu ya Simba na Yanga.

Lakini mchezo huu una gharama. Mwaka 2016 ilisambaa picha ya mwigizaji Ge You akiwa amejilaza kwenye sofa kama nguo iliyoanikwa, kutoka kwenye tamthilia ya vichekesho ya miaka ya 1990. Vijana waliochoshwa na kazi wakaifanya yao. Kampuni moja ya usafiri ikaitumia kujitangaza bila ruhusa, mwigizaji akaenda mahakamani Beijing, akashinda na kulipwa fidia. Na mwaka 2019 zilienea habari za meneja wa baa huko Changsha aliyefukuzwa kazi kwa sababu alimjibu bosi wake kwa alama ya OK, badala ya kuandika kwamba amepokea maagizo. Wengi mtandaoni walimlaumu bosi, na mimi niko upande wao, ingawa nakiri ukimjibu bosi wa Kariakoo kwa kidole gumba tu naye atakununia.

Wazee wa Kichina wana stika zao: mawaridi, bilauri za mvinyo mwekundu, maandishi ya rangi zote yanayometameta, salamu za asubuhi kila siku ya Mungu. Mwenye shangazi kwenye grupu la ukoo hahitaji kuelezwa. Vijana walianza kuzicheka, kisha wakaanza kuzituma wenyewe kwa utani. Yule msichana wangu wa mikoba akinitumia waridi linalometameta bila mimi kuuliza chochote, huwa mzigo umechelewa na anatafuta pa kuanzia.